Kipimo Kwanza, Duka Baadaye: Kulihudumia Land Rover 109 Nyumbani Pasiansi

Ingia duka la vipuri katikati ya jiji la Mwanza useme, "Bosi, naomba beringi ya gurudumu la Land Rover 109," na mara nyingi utaambiwa hazipo, zilikwisha zamani, labda Dar. Rudi duka lilelile kesho yake, weka beringi kuukuu juu ya kaunta, msomee muuzaji namba iliyochongwa ukingoni, na yuleyule wa jana anaweza kuinama, akavuta boksi kutoka rafu ya chini na kukuwekea mpya mbele yako. Hakukudanganya mara ya kwanza. Duka lake limepangwa kwa ajili ya Hiace, Noah, Canter na Fuso, magari yanayoingia gereji kila siku. Jina la gari lako halimo humo, lakini kipimo chake kimo.

Hilo ndilo la kulishika kabla hujanunua hata spana moja. Anayevijua vipimo na namba za gari lake la zamani anaweza kulihudumia uani kwake Pasiansi bila kuagiza kila kitu Ulaya. Nazungumzia Land Rover Series III ya injini ya lita 2.25 kwa sababu ndilo gari la zamani linalopatikana bado huku Kanda ya Ziwa, likiwa limelala chini ya mwembe kwa mstaafu fulani, kwenye uwanja wa misheni au nyuma ya ghala la pamba. Tena Pasiansi ni mahali pake: chuo cha mafunzo ya uhifadhi wa wanyamapori kipo hapa tangu mwaka 1966, na gari la askari wa wanyamapori kwa miaka mingi lilikuwa hilihili. Mwenye Peugeot 504, Datsun 1200 au Volkswagen kobe atapata humu mengi ya kumfaa, ila namba zake atazitafuta mwenyewe.

Lijue gari kwa namba zake

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Series II ilikuja mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ile 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama mita 2.77 hivi, ndugu yake mfupi ni 88. Taa kubwa zikiwa kwenye madigadi na grili ikiwa ya plastiki, uko kwenye Series III, mradi hakuna aliyebadilisha. Na aghalabu wamebadilisha. Gari lililopita kwa idara ya serikali, kwa chama cha ushirika, kwa mfanyabiashara wa dagaa na kwa fundi wa kijijini kwa miaka arobaini huwa na giaboksi ya gari moja, difu ya jingine na milango ya la tatu. Ndiyo maana kuamini jina peke yake kunakupotezea nauli.

Chukua kadi ya gari, brashi ya waya na tochi. Namba ya chesi imegongwa kwenye chuma cha kuning'inizia springi ya mbele kulia, na hurudiwa kwenye kibao ndani ya gari. Sugua kutu taratibu mpaka isomeke. Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa kushoto, karibu na manifoldi ya egzosi. Linganisha zote mbili na kadi. Zikipishana, maliza kwanza jambo hilo na TRA, kwa maana hakuna kipuri kitakachokusaidia siku askari wa barabarani atakapofungua boneti.

Magari ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 yana namba inayoanza na tarakimu tatu zinazotaja aina ya gari, na mwishoni kuna herufi moja. Wengi hunakili tarakimu wakaiacha herufi. Usiiache. Herufi hiyo ndiyo inayoonyesha mabadiliko ya kiwandani, na kwenye giaboksi na ekseli inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kipuri kinachoingia na kisichoingia kabisa. Giaboksi ina namba yake, ekseli pia. Ziandike zote kwenye daftari gumu litakalokaa ndani ya gari, uache kurasa nyingi tupu nyuma yake.

Kisha tafuta vitabu viwili: kile cha matengenezo na kile cha orodha ya vipuri. Hiki cha pili ndicho wengi wanakidharau, na kwangu ndicho chenye thamani kubwa zaidi. Kina michoro ya kila kipande kikiwa kimetenganishwa, na kila kipande kina namba yake: za zamani ni tarakimu tupu, za baadaye zinaanza na herufi kama RTC, ERC au FRC. Namba hizo bado ndizo zinazotumiwa na wauzaji wa Nairobi, Arusha na Uingereza hadi leo. Piga picha ya ukurasa husika, itume kwa simu, na mabishano ya "ile ya juu au ile ya chini" yanaisha.

Spana, jeki na mteremko

Gari hili limefungwa kwa inchi. Spana za milimita ulizozoea kwenye Toyota zitakudanganya vibaya. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia vizuri, inashika, na ukiweka nguvu inateleza na kula kona za nati. Ile ya 7/16 ni milimita 11.1, nayo spana ya 11 haiingii. Ile ya 9/16 ni 14.3. Mojawapo inayokubaliana ni 3/4, ambayo ni karibu sawa kabisa na 19. Tafuta seti ya inchi yenye alama AF. Ukikosa seti nzima, anza na 7/16, 1/2 na 9/16, maana hizo tatu zinafungua sehemu kubwa ya gari. Mafundi wazee wa matrekta huwa nazo, na baadhi yao wako tayari kuziuza kwa sababu vijana wao hawazitumii. Msalimie kwanza, kaa, ongea naye. Mzee wa namna hiyo akikubali kuja uani kwako mara moja utajifunza mambo ambayo kitabu hakiyataji.

Sasa sikiliza jambo linaloweza kukuokoa mguu. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya giaboksi, inashika propela inayokwenda nyuma. Magurudumu yote yakiwa chini, inashika sawasawa. Lakini ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia lile lililo hewani lizunguke huru, na lililo chini linazunguka upande wa pili. Hendibreki imevutwa mpaka mwisho na gari linaondoka. Nyumba zetu huku zimejengwa katikati ya mawe, na uwanja usio na mteremko ni bahati. Kwa hiyo weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, ingiza gia ya chini ya magurudumu manne ili na ekseli ya mbele ishike, halafu ndipo upige jeki. Ukishainua, shusha gari juu ya stendi za chuma au magogo mapana yaliyokatwa sawa. Usilikalishe juu ya mawe, hata kama Mwanza yamejaa kila mahali: jiwe la granaiti halizami, lakini linateleza, na tofali la saruji linapasuka bila kutoa onyo.

Kununua kwa kipimo

Beringi zina namba iliyochongwa kwenye pete ya ndani na ya nje. Safisha kwa petroli au dizeli, kausha, angalia kwenye jua kwa pembe. Namba hiyo ni ya kimataifa. Beringi ileile inaweza kuwa kwenye mashine ya kusaga, kwenye trela la trekta au kwenye pampu ya maji, na Mwanza ina maduka yanayowahudumia watu wa mashine za kusaga na kukoboa, wa matrekta na wa boti. Nenda huko kabla ya duka la magari. Ukikuta namba imefutika, pima vitu vitatu kwa venia: kipenyo cha ndani, cha nje, na upana. Nunua venia yako mwenyewe. Ya bei nafuu inatosha ukiitunza isianguke.

Oili sili zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ni za inchi, na duka limejaa za milimita. Muuzaji atakuambia, "Hii inakaribiana, kaka, gonga tu itaingia." Sili inayogongwa ili iingie inapinda, na wiki mbili baadaye oili ya difu inalowesha breki. Pima shafti mahali sili inapokaa, siyo sili kuukuu peke yake, kwa sababu raba iliyochoka imetanuka. Kama shafti imechimbika mfereji pale sili iliposugua miaka yote, sili mpya haitazuia chochote mpaka fundi wa mashine ya kuchongea vyuma aivishe pete nyembamba.

Kuna vipuri ambavyo gari hili linagawana na mashine nyingine moja kwa moja. Kama ni la dizeli, pampu yake ni ya CAV aina ya DPA, na filta ya mafuta inachukua kichujio cha CAV namba 296. Kichujio hichohicho kinatumika kwenye matrekta ya Massey Ferguson yenye injini ya Perkins, na nchi ya pamba haijawahi kukosa matrekta hayo. Nenda duka la zana za kilimo, taja 296, usitaje Land Rover. Na fundi wa pampu anayehudumia matrekta anaijua pampu yako vilevile. Tairi za 109 ni 7.50-16, saizi ambayo bado inauzwa kwa ajili ya malori madogo. Taa kubwa ni za duara za inchi saba, zinapatikana kirahisi. Mkanda wa feni unanunuliwa kwa upana na urefu, mipira ya rejeta kwa kipenyo cha ndani na umbo la kona. Beba ule uliopasuka, na kama umeoza kabisa, pinda waya mnene ufuate njia yake kutoka rejeta hadi pampu, uende nao dukani.

Plagi, pointi na kondensa za distribyuta ya Lucas ni habari nyingine. Zilikuwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo, kwa hiyo bado zinatengenezwa, ila Mwanza ni kwa kubahatisha. Ukizipata, nunua mbili.

Ya kuagiza mbali

Yatabaki mambo ambayo kipimo hakitayaleta: gia, sinkronaiza, sinia ya klachi, vipande vya kabureta ya Zenith, silinda za breki. Hapo unaangalia njia nne.

Arusha ndiko ningeanzia. Kampuni za utalii zimetumia Land Rover kwa vizazi, mafundi wanalijua gari hili kwa kulishika, na liko hai kiasi kwamba Oktoba 2024 jiji hilo lilifanya tamasha zima la Land Rover. Kwa Series, mengi utakayopata huko ni yaliyotolewa kwenye magari mengine, na kwa vyuma vizito kama nyumba ya difu au chuma cha usukani, kilichotumika cha kiwandani ni bora kuliko kipya kisicho na jina.

Dar es Salaam kuna Kariakoo na Gerezani. Usiende bila namba ya kipuri, na usimkabidhi winga akutafutie huku wewe umekaa. Winga anajua duka lipi lina nini, na hilo ni la thamani, lakini atakuletea kinachofanana kwa sababu hana njia ya kutofautisha. Nenda naye mpaka kaunta, fungua boksi, linganisha na cha zamani hapohapo. Kama huwezi kusafiri, mtume mtu unayemwamini akiwa na kipuri kuukuu mkononi, kisha kipya kije kwa basi mpaka Nyegezi.

Nairobi ni ya tatu, na kwa vipuri vya injini ya 2.25 mara nyingine ndiyo ya kwanza. Kenya ilikuwa ikiunganisha Land Rover Thika, na Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, ina maduka ya vipuri mlango kwa mlango. Mzigo unapitia Sirari, Tarime, Musoma na Bunda. Dai risiti yenye jina la duka na ulipie ushuru mpakani. Kipuri kilichofichwa chini ya kiti cha basi kikikamatwa kinakuwa ghali kuliko kingetoka Uingereza.

Uingereza yenyewe ina kampuni zinazotengeneza karibu kila kitu cha Series hadi leo, hata chesi nzima. Agiza kwa mkupuo, ukikusanya mahitaji ya miezi kadhaa, maana usafiri ndio unaokula fedha. Hapa ndipo kurasa tupu za daftari zinapofanya kazi: kila kipuri unachokiona kinaelekea kuchoka, andika namba yake siku hiyohiyo.

Neno juu ya raba. Utakutana na silinda ya breki au seti ya raba iliyo kwenye boksi la kiwandani, haijafunguliwa, ya tangu miaka ya 1980, na muuzaji ataisifu kuwa ni orijino. Chuma chake ni orijino kweli. Raba yake imeshakufa. Ibonyeze kwa kucha: ikiwa ngumu au ikionyesha nyufa ndogo, chukua chuma, agiza raba mpya. Mafuta ya breki yawe DOT 4 kutoka kopo lililofungwa, na usiruhusu mtu aongeze oili ya injini au ya usukani humo hata tone, kwa sababu oili huvimbisha raba hizo mpaka breki zinashika zenyewe. Silinda za breki na viungo vya usukani havichongwi mtaani. Mengine yote unaweza kujaribu, hayo hapana.

Kuchongesha

Mengine yanachongwa, na yanachongwa vizuri. Bushi za springi, pini, vishikio, nyumba ya pampu ya maji iliyopasuka, stadi za egzosi: hizi ni kazi za kawaida kwa fundi mwenye mashine ya kuchongea vyuma, na jiji lenye viwanda Nyakato na bandari inayokarabati meli halina upungufu wa mikono hiyo. Siri ni kumpelekea pande zote mbili. Ukimpa bushi iliyolika peke yake atachonga nyingine iliyolika. Mpe pini mpya na kile chuma ambamo bushi inaingia, apime mwenyewe. Mwambie na kazi yake: bushi inayozungusha shafti na kupata oili inafaa kuwa ya bronzi, ile inayokaa tuli inaweza kuwa ya chuma cha kawaida.

Springi za majani zilizolala zinaweza kupigwa upya na wahunzi wa springi, lakini jani lililovunjika libadilishwe kwa jani lenye unene uleule. Breki shuu zinavishwa laini mpya kwa kuriveti au kubandikwa. Laini za zamani zilikuwa na asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi la dramu kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko ukitupe. Watoto wasiwepo karibu.

Chesi ya chuma, bodi ya alumini

Watu huvutiwa na rangi. Wewe lala chini ya gari. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, haioti kutu kama chuma. Chesi na ukuta wa mbele wa kabati ni vya chuma, na kutu yake huanzia ndani, pale udongo uliposhika unyevu wa masika baada ya masika. Chukua nyundo ndogo, gonga chesi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholika kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inapenya. Zingatia boriti ya mwisho nyuma, mikono inayotoka kubeba bodi, na mahali springi zinaponing'inia. Zibua matundu ya kutolea maji kwa waya. Kiraka cha chesi kiwe cha bati la chuma la milimita 2 hadi 3, kichomelewe pande zote kwenye chuma kizima, siyo kubandikwa juu ya kutu. Kabla mchomeleaji hajawasha, toa waya za betri na za altaneta, na tangi la mafuta litoke kabisa, lipelekwe upande mwingine wa nyumba.

Alumini inataka upole. Ukiigonga ikiwa baridi inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Iliyobonyea sana hulainishwa kwanza kwa moto, na shida ni kwamba alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Unaiona ileile, ghafla tundu. Mafundi bodi wana njia ya kujua kiasi cha moto. Chukua sabuni ya mche, kausha bodi, chora mistari ya sabuni mahali unapotaka kulainisha. Pitisha moto wa gesi kwa upande wa nyuma, ukisogeza bila kukaa mahali pamoja. Mistari itaanza kuwa kahawia, halafu ikikaribia weusi ondoa moto, acha ipoe. Sasa bati ni laini, linanyooka kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Likianza kuwa gumu tena, rudia sabuni. Mwishoni, pale alumini inapogusana na chuma, tia rangi ya kinga au washa za plastiki kati yake. Penye unyevu wa ziwa, vyuma hivyo viwili vikigusana alumini ndiyo inayoliwa.

Injini: tapeti kwa hendeli

Usikubali haraka ushauri wa kung'oa injini na kuweka ya Hilux. Najua sababu zake: spea zipo kila kona na gari litakimbia. Lakini giaboksi ya Series III ilitengenezewa injini ya petroli ya nguvu farasi zipatazo 70, na ukiipa mzigo mkubwa utaanza kuvunja gia na shafti ambazo ndizo ngumu kupatikana. Namba ya injini kwenye kadi nayo itabidi ibadilishwe. Injini ya 2.25 ni ya chuma cha kalibu, ya taratibu, na inarekebishika na mtu mmoja mwenye subira.

Anza na tapeti, kazi ya asubuhi moja, ambayo peke yake inarudisha uhai kwenye injini nyingi zinazosemwa zimechoka. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi. Gia iwe nyutro. Fungua kifuniko cha juu, uhesabu valvu kutoka upande wa rejeta: 1 hadi 8. Ingiza hendeli mbele, zungusha kufuata saa, ukiangalia valvu ya 8. Ikishuka mpaka mwisho, yaani imefunguka kabisa, ya 1 imefungwa na iko tayari kupimwa. Ingiza fila geji ya inchi 0.010, sawa na milimita 0.25, kati ya roka na mguu wa valvu. Kipimo ni kimoja kwa valvu za kuingiza na za kutoa. Geji ipite ikiwa inakwaruza kidogo tu. Legeza nati, zungusha skrubu kwa bisibisi, shikilia bisibisi isicheze, kaza nati, pima tena. Mara nyingi kukaza kunabadilisha kipimo.

Kisha endelea kwa kanuni ya tisa. Namba ya valvu iliyofunguka na ile unayoipima lazima zijumlike tisa. Ya 6 ikifunguka pima ya 3. Ya 4 ikifunguka pima ya 5. Ya 7, pima ya 2. Ya 1, pima ya 8. Ya 3, pima ya 6. Ya 5, pima ya 4. Ya 2, pima ya 7. Ukifuata mfuatano huo hendeli inasogea kidogo kidogo, na kwa mizunguko miwili umemaliza zote nane.

Ukiwa hapo, pointi zifungue milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80, na waya za plagi zifuate 1-3-4-2. Oili ya injini ni lita 6, na karibu lita moja zaidi ukibadilisha filta. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam itatoa moshi mweusi kidogo huku, kwa kuwa Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Punguza petroli kwa skrubu ya mchanganyiko mpaka mlio wa sailensa utulie.

Umeme wa Lucas ukishajua rangi zake haukutishi. Kahawia ni waya mkuu kutoka betri, una umeme wakati wote. Nyeupe hupata umeme ukifungua swichi. Kijani ni uleule baada ya fyuzi. Zambarau una umeme daima kupitia fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Taa ikififia, usinunue balbu. Tafuta nyeusi yake inapofungwa, kwaruza alumini mpaka ing'ae, paka grisi, funga upya.

Safari ya kwanza

Usiende mjini. Kule kuna foleni ya Kirumba na mteremko usiouhitaji. Shika barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, pitiliza mpaka Igombe, asubuhi, ukiwa na maji, spana zako tatu na mtu wa pili. Kabla ya kutoka getini kanyaga breki mara tatu kwa nguvu, ushuke uangalie kila gurudumu kwa ndani kama kuna unyevu. Ukifika Igombe zima injini, upitishe kiganja karibu na kila habu kabla hujaligusa. Vuguvugu ni sawa. La moto kuliko mengine lina beringi iliyokazwa kupita kiasi au breki inayoshika. Legeza kabla ya kurudi. Ukiwa nyumbani, injini ikishapoa, kaza nati zote za magurudumu, angalia maji na oili, upitie boliti za springi, kisha andika kwenye daftari tarehe, kilomita na kila kilichovuja.